Reli ya Tabora na Mwanza Ijengwe Upya, Walau Ndani ya Kompyuta

Huku kwetu Nkome, ukingoni mwa Ziwa Viktoria, reli haijapata kufika. Hata hivyo mambo mengi ya maisha yetu yalipangwa na reli tusiyoiona, kwa maana pamba ya upande huu wa Geita, na abiria aliyekwenda mbali kutafuta riziki, walivuka maji kwanza wakaingia Mwanza, na hapo ndipo garimoshi lilipowapokea kuwapeleka Shinyanga, Isaka, Tabora, na hatimaye Dar es Salaam, mwendo wa zaidi ya kilomita 1,200. Nataraji basi sitahesabiwa kuwa mdakizi wa mambo ya wengine nikitoa rai kwamba tawi la Tabora na Mwanza, lililofika ziwani mwaka 1928, linastahili kujengwa upya ndani ya programu za kompyuta zinazoigiza uendeshaji wa treni. Na kwamba kazi hiyo ifanywe na watu wa huku wenyewe, tena ifanywe sasa, maadamu wangalipo wazee waliotoa jasho relini.

Kwa asiyezifahamu programu hizo, habari yake ni hii. Mwaka 2001 kampuni ya Microsoft ilitoa programu iliyomwezesha mtu kuketi mbele ya kompyuta yake akaendesha treni, akiona njia, milima na stesheni kama azionavyo dereva. Mwaka huohuo Waaustralia wakatoa yao iitwayo Trainz, na baadaye wapenzi wa fani hii wakajitengenezea nyingine, Open Rails, ambayo hutolewa bure. Haukupita muda mrefu kabla watu hawajaanza kufufua njia zilizokwisha kufa. Reli ya Somerset na Dorset huko Uingereza ilifungwa mwaka 1966 na vyuma vyake vikang'olewa, lakini leo kijana ambaye hata baba yake hakuwahi kuipanda aweza kuiendesha kutoka Bath hadi Templecombe kama ilivyokuwa zama za mvuke.

Kwa nini basi tawi letu? Wajerumani walianza kuijenga Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, wakafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Nia yao ilikuwa kutoa tawi jingine kutoka Tabora kuelekea Rwanda, walakini vita vikaingia na azma hiyo ikakatika. Kwa miaka mingi bidhaa za Mwanza zilivuka ziwa hadi Kisumu, ambako reli ya Uganda ilikwisha kufika tangu mwaka 1901, zikateremka hadi Mombasa, kiasi cha kwamba mali ya Tanganyika ilikuwa ikiineemesha bandari ya jirani. Tawi la mwaka 1928 lilijengwa na Waingereza ili kuigeuza biashara hiyo irudi Dar es Salaam, na kwa njia hiyo likaibadili nchi yote ya Usukuma: marobota ya pamba yakapata njia ya kutokea, vijana wakapata njia ya kwendea umanamba katika mashamba ya mkonge, na ilipofika mwaka 1955 wakulima walikuwa wamekwisha kujiunga katika Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, chini ya uongozi wa Paul Bomani, wakauza pamba yao wenyewe. Historia ya reli hiyo ndiyo historia ya kanda nzima, na Geita imo ndani yake.

Sasa zama nyingine zimeingia. Mwezi Juni mwaka 2021 jiwe la msingi la reli mpya ya Mwanza na Isaka liliwekwa Fela, wilayani Misungwi, kilomita 341 pamoja na njia za kupishania, upana wake milimita 1,435 badala ya ile mita moja ya zamani. Siililii reli ya kale, wala simwombei mtu yeyote siku mbili za safari pale anapoweza kufika kwa saa chache. Ninachokihofia ni desturi yetu ya kukiacha cha jana kipotee bila hata kukiandika. Reli ya Mtwara na Nachingwea, iliyojengwa kwa ajili ya ule mradi wa karanga ulioanguka, ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 na kung'olewa. Je, ni vijana wangapi wa kusini leo wawezao kutuonyesha ilipopita?

Kazi ya kuijenga njia ndani ya kompyuta, kwa upande mmoja, imekuwa nyepesi. Februari mwaka 2000 chombo cha anga cha Marekani kiitwacho Endeavour kiliizunguka dunia kikapima kwa rada miinuko na mabonde yake, na vipimo hivyo vinapatikana bure kwa kila mtu. Ukivitia katika programu, mbuga za Shinyanga hujitandaza zenyewe, na vilima vya kuikaribia Mwanza hujiinua mahali pake. Lakini umbo la ardhi ni jambo moja, na vilivyo juu ya ardhi ni jambo jingine, na hapo ndipo mjenzi asiye na maarifa ya mahali hupotea. Atakayenakili picha ya setilaiti ya leo, kisha akapitisha juu yake treni ya mwaka 1935, atakuwa ametunga uwongo wenye rangi nzuri. Katika miaka ile misitu ya Shinyanga ilikuwa ikifyekwa kwa sababu ya mbung'o, na idara ya utafiti wa mbung'o chini ya Swynnerton ilikuwa na makao yake Shinyanga. Katika miaka ya 1970 operesheni ya vijiji iliziondoa nyumba zilizokuwa zimetawanyika, ikazikusanya kwa safu. Kisha, tangu mwaka 1986, mradi wa hifadhi ya ardhi Shinyanga, HASHI, ukawahimiza watu kuzirudisha ngitili, yaani malisho yanayotengwa yapumzike, na miti ikaota tena mahali palipokuwa pakavu. Dirisha lile lile la behewa, kwa hiyo, lilionyesha nchi tatu au nne tofauti katika umri wa mtu mmoja, na ni lazima mjenzi achague mwaka wake, kisha aulize waliouona.

Jambo la pili lisilopatikana kwa setilaiti ni kazi yenyewe. Njia ya Mwanza ni moja, treni za kwenda na za kurudi huitumia hiyohiyo, na usalama wote ulitegemea maafikiano ya watu wawili: stesheni masta wa hapa humwuliza mwenziwe wa stesheni ya mbele kama njia i wazi, jibu huandikwa daftarini pamoja na saa yake, ndipo dereva akakabidhiwa idhini ya kuingia njiani; asipokuwa nayo mkononi haondoki, hata kama abiria wananung'unika na jua linakuchwa. Nyuma kabisa gadi husubiri na bendera yake ya kijani, mbele mtu wa pointi amekwisha kuusukuma mtarimbo wake, na kando ya mabehewa ya daraja la tatu akina mama wamenyanyua sinia za karanga na viazi kuelekea madirishani. Programu iliyotengenezwa kwa desturi za Ulaya itaweka taa zijiwashazo zenyewe mahali pa yote hayo. Dereva wa kompyuta atafika Mwanza salama, naye hatajua kwamba kufika salama kulikuwa kazi ya watu.

Watakuwako watakaosema kuwa huu ni mchezo wa watoto, na kwamba nchi yenye shida ya maji na dawa haina wasaa wa kuchezea treni za hewani. Nawajibu kwa insafu kwamba siombi fungu la hazina. Programu ipo ya bure, vipimo vya ardhi ni vya bure, na simu ya mkononi yatosha kunasa sauti ya mzee. Wengine watasema, na hoja yao ni nzito zaidi, kwamba kuitukuza reli ya mkoloni ni kumtukuza mkoloni. Ingekuwa hivyo kama tungejenga injini inayong'aa na behewa la daraja la kwanza, tukaishia hapo. Tukiweka na manamba waliojaa daraja la tatu, na watu wa genge waliokaza mataruma ya chuma juani, na marobota ya ushirika yakisubiri kupakiwa, tutakuwa tumeonyesha ni nani aliyeibeba reli hiyo na ni nani aliyefaidika nayo.

Lakini muda hautusubiri. Aliyeanza kazi ya ufayamani, yaani kuchochea moto wa injini, mwaka 1960 akiwa na miaka 20, leo amekwisha kuivuka 80. Shirika la Reli Tanzania lingefanya hisani kubwa kama lingewafungulia vijana ratiba za kazi za zamani, michoro ya njia na picha za stesheni, na Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ikafanya vivyo hivyo. Na kwa kuwa Shirika la Reli la Afrika Mashariki, lililovunjika mwaka 1977, lilikuwa na makao makuu Nairobi, atakayetafiti hana budi kugonga mlango wa huko pia, ambako jumba la makumbusho ya reli limekuwapo tangu mwaka 1971 na injini kubwa za mvuke zimehifadhiwa.

Wala kazi isianze kwa tamaa ya njia nzima. Walimu na wanafunzi wa Mwanza na Misungwi waanze na kipande cha Mwanza na Fela peke yake, kwa mwaka mmoja tu, na mimi ningependekeza msimu mmoja wa pamba wa mwanzoni mwa miaka ya 1960, ushirika ulipokuwa umeshamiri. Wakikikamilisha, wenzao wa Shinyanga wapokee pale walipoishia. Na kila mzee atakayeridhia, aliyeeleza pointi zilikaa wapi au treni ilingoja kwa muda gani, jina lake litiwe ndani ya programu hiyo, safu moja na la aliyeiandika, kwa maana wote wawili watakuwa wajenzi wa reli hiyo.