Muda wa mwanafunzi hauko mikononi mwake peke yake
Tunawalaumu wanafunzi wa chuo kikuu kwamba hawajui kupanga muda, kana kwamba muda wote ni wao. Mtazame anayesoma Mlimani, Dar es Salaam, akiwa amepanga chumba Mbagala: kipindi kinaanza saa moja asubuhi, kwa hiyo saa kumi na moja alfajiri yuko kituoni, daladala zinapita zimejaa, na akifika darasani nguvu zimekwisha. Jioni, foleni ikimwachia, anaingia ndani saa mbili usiku na bado hajapika. Ratiba gani itamsaidia huyo? Hosteli zilizofunguliwa Mlimani mwaka 2017 zilijengwa kwa ajili ya wanafunzi 3,840, na kila aliyepata kitanda pale alipata pia saa za kusoma. Halafu kuna bumu, fedha za kujikimu za Bodi ya Mikopo. Likichelewa, vijana hukimbilia vibarua na maktaba ikasubiri. Simu nayo inakula usiku, sikatai, na hilo ni juu ya kijana mwenyewe. Lakini mhadhiri anayehamisha kipindi kwa ujumbe wa WhatsApp usiku wa manane anavuruga siku ya darasa zima, na hilo vyuo vinaweza kulikomesha wiki hii hii.