Mkimbizi Asiyethubutu Kujitaja

Kila msako wa Uhamiaji unapopita Temeke au Kinondoni, huzuka suali lile lile, kwamba mkimbizi aliyejipenyeza Dar es Salaam arudishwe kambini ama aachwe atafute riziki. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 imekwisha kulijibu: akae katika eneo alilotengewa, asitoke ila kwa kibali. Mimi nauliza jingine: kijana aliyenusurika na dhuluma ya watawala wa kwao atapona vipi katika mji ambamo hathubutu kujitaja?

Si kwamba mji huu haujui kupokea. Katika miaka ya 1960 vijana wa Msumbiji, waliokimbia utawala wa Mreno, walisoma Kurasini katika taasisi ya FRELIMO, chama cha ukombozi wa nchi yao, na jirani zao wakijua ni nani na wametoka wapi. Watoto wa Burundi hawakupata bahati hiyo. Mauaji ya mwaka 1972, serikali ya Micombero ilipowasaka Wahutu wenye elimu, hata wanafunzi wa sekondari, yalizileta aila nyingi katika makazi ya wakimbizi ya Ulyankulu na Katumba, na baadaye Mishamo. Na baadhi ya waliokulia huko, walipochoka na jembe, wakaja mjini kwa siri. Mtafiti Marc Sommers, katika kitabu chake cha mwaka 2001, ameeleza habari za mafundi cherehani wa kundi hilo: walilala ndani ya vibanda walimoshonea, na nasaba yao wakaificha hata kwa wateja wa kila siku.

Aghalabu husemwa kuwa mji mkubwa ni sitara, na kwamba kazi husahaulisha. Kazi ni faraja, sikatai. Lakini mtu atamwombolezaje baba ambaye hathubutu kusema aliuawa wapi?

Hofu ya dola juu ya usalama si ya kupuuzwa. Hata hivyo dola hiyo hiyo, kufikia mwaka 2014, iliwapa uraia wakimbizi wa 1972 na watoto wao wapatao 162,000, na nchi haikutikisika. Waliokuja baadaye, kutoka Burundi na Kongo, hawakuwamo. Basi Bunge na liitazame upya sheria ya 1998, ili mkimbizi mwenye kazi ya halali, anayejulikana kwa mjumbe wake na kwa serikali ya mtaa, apewe kibali cha kuishi mjini kwa jina lake.