Mwaridi wa Pwani unafia mizizini

Mwaridi wa milia ukiwa bado kitaluni humnyima mnunuzi nguvu ya kupatana bei. Petali zake nyekundu zimepigwa michirizi myeupe, kila ua na mchoro wake. Basi unanunuliwa, unapelekwa Nyali, Kigamboni au Fuoni, unachimbiwa shimo, unamwagiliwa asubuhi na jioni, na kwa miezi mitatu ya mwanzo mwenye bustani hana neno. Kisha majani ya juu yanaanza kuwa ya manjano huku mishipa yake ikibaki kijani. Ya chini yanatoka madoa meusi na kupukutika. Ua linalofuata linatoka dogo kama kifungo cha koti. Mwaka hauishi, pale pamebaki vijiti vitatu vya miiba, na lawama zote linatupiwa jua: waridi ni ua la baridi, watu husema, waachieni wa bara. Mimi naona jua linasingiziwa. Makosa linayo, ila kosa la kuua si lake. Mwaridi wa Pwani unafia mizizini, na anayetaka udumu inabidi aulize umebebeshwa kwenye shina gani kabla hajauliza rangi ya ua.

Makosa ya jua tuyataje kwanza, isije ikaonekana yamefichwa. Waridi hupenda mchana wa nyuzi 20 hadi 26 na usiku wa baridi kiasi, na Mombasa baridi hiyo haipatikani hata usiku wa Julai. Mashamba ya maua ya Naivasha yako karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Hata marashi tunayonyunyiziana kwenye maulidi na harusi asili yake ni ya milimani: waridi la Omani huchumwa Jabal Akhdar, kwenye mwinuko wa mita 2,000 hivi, na la Saudia hutoka Taif, halitoki Jeddah. Kwenye joto ua hufunguka upesi, petali hupungua na wekundu hupauka. Kwa ua la milia hasara hiyo huonekana maradufu, maana uzuri wake wote uko katika kushindana kwa rangi mbili. Anayetaka ua la Januari, kaskazi ikivuma, lilingane na la Agosti, anajitafutia huzuni. Lakini ua dogo ni jambo moja, na mti uliokufa ni jambo jingine.

Muuaji atafutwe chini. Sehemu kubwa ya mwambao wetu imekaa juu ya jiwe la matumbawe, na penye mchanga, mara nyingi ni matumbawe hayo hayo yaliyosagika. Udongo wa namna hiyo umejaa chokaa, na chokaa huyafunga madini ya chuma mizizi isiweze kuyanyonya. Ile manjano yenye mishipa ya kijani ni njaa ya chuma. Wengi huidhani kiu, wakazidisha maji. Na maji yenyewe mara nyingi ni ya kisima chenye chumvi, nao mwaridi na chumvi haviivi chungu kimoja. Juu ya hayo wapo minyoo fundo, viumbe wasioonekana kwa macho, ambao hustawi kwenye mchanga wenye joto. Ung'oe mwaridi uliokufa uisuuze mizizi yake kwenye ndoo. Badala ya nyuzi ndefu nyeupe, huenda ukakuta vijizizi vifupi vilivyovimba vinundu vinundu, kama tasbihi. Mizizi ya aina hiyo haiwezi kuunywesha mti hata ukipandwa Limuru. Jua la saa saba hulikuta windo limeshachoka, kisha likabebeshwa kesi nzima.

Florida, kule Marekani, ina joto, unyevu, mchanga na minyoo wale wale, na bado ina wapenzi wa waridi wanaopeleka maua yao mashindanoni. Jua lao halikubadilika. Walichobadilisha ni shina: hubebesha waridi lao juu ya Fortuniana, mwaridi uliopewa jina la Robert Fortune, Mskoti aliyezunguka China akikusanya mimea katika karne ya 19. Mizizi yake hutambaa mbali mchangani na huwastahimili minyoo fundo. Waridi lile lile likibebeshwa juu ya Dr. Huey, shina lililozoeleka kwingine Marekani, kwenye mchanga wa Florida hudhoofika mapema. Ua moja, jua moja, mizizi tofauti: sidhani kama hoja yangu inahitaji shahidi mzito kuliko huyo. Perth, mji wa Australia Magharibi uliojengwa juu ya mchanga wa pwani, nao umelishika shina hilo hilo. Wakulima wa nyanda za juu za Kenya pia hubebesha, mara nyingi kwenye Natal Briar, shina lililotoka kusini mwa Afrika, kwa sababu linafaa kwenye mabanda yao ya plastiki na maji yao ya matone. Wana haki. Tatizo ni sisi tunaouteremsha mche wa matunzo yale hadi Bamburi, tukautia kwenye jiwe, tukashangaa.

Asili ya ua lenyewe inaeleza kwa nini mizizi ilisahauliwa. Waridi kubwa la bua moja refu, lile la dukani, ni chotara lenye damu ya waridi la chai kutoka China. Linalohesabiwa kuwa la kwanza ni La France, lililotolewa na Guillot wa Lyon mwaka 1867. Tangu hapo wazalishaji wamechagua ua, ua, ua. Milia nayo ina ukoo wake: Ralph Moore, wa Visalia huko California, alitumia waridi la Kifaransa la 1921 liitwalo Ferdinand Pichard kuingiza michirizi katika waridi ndogondogo, na kutoka kazi yake hiyo milia ikasambaa hadi kwenye machotara ya leo. Moore alizaliwa 1907 akafariki 2009, umri ambao unahitajika kama kazi yako ni kungoja mbegu za waridi zichanue. Katika safari yote hiyo petali ndizo zilizopigiwa mahesabu. Mizizi iliachiwa shina la chini, kila nchi na lake. Chotara la chai, kwa hiyo, ni nusu ya mmea; nusu nyingine lazima mwenyeji aitafute.

Atakuja mtu aseme miche ya kubebesha ni ghali na ni mambo ya wataalamu. Pwani nzima inakula maembe ya kubebesha. Machungwa ya Muheza yanakaa juu ya mashina ya limau, na anayejua kuchomeka kikonyo cha chungwa kwenye limau hahitaji shahada ili afanye hivyo kwenye mwaridi. Mwingine atasema dawa zipo. Zipo, na kwa madoa meusi zina kazi, kwa sababu kuvu wake huota jani likikaa na unyevu kwa saa nyingi, na masika hutoa unyevu huo bure. Hakuna shina litakalouzuia ugonjwa huo, nami sidai hivyo. Lakini dawa ya majani haishuki mizizini, na chuma cha kununua hulisha kwa muda tu, wiki kadhaa baadaye manjano inarudi.

Pingamizi lenye uzito ni la chungu. Kwa nini kuhangaika na mashina, na mtu anaweza kujaza chungu kikubwa udongo mwekundu na samadi, akaliepuka jiwe kabisa? Kwa mwaridi mmoja wa barazani nakubali, tena atandaze makumbi ya nazi juu ya udongo. Ila chungu hupata moto upande wa jua, hukauka mara mbili kwa siku, na kikimwagiliwa maji ya kisima hujilimbikizia chumvi. Bermuda, visiwa vya jiwe la chokaa lenye upepo wa bahari kama letu, huvuna maji ya mvua kwenye mapaa yao meupe na kuyahifadhi chini ya nyumba. Huko kuna waridi za kale za jamii ya China na chai zilizodumu bustanini vizazi kwa vizazi, nyingine majina yake yamesahaulika. Haziko chunguni. Ziko ardhini, kwa sababu ni waridi zinazoiweza ardhi ile.

Hapo ndipo swali la mwisho linapojijibu, lile la wenye kusema Pwani ina asmini na kilua, waridi la nini. Waridi halijawahi kuwa mgeni hapa. Kikuba kilichofungwa vizuri kina mrehani, kina asmini, na kina waridi, lile dogo la pinki lenye harufu ambalo haliuzwi kwenye maduka ya maua. Penye mwaridi wa aina hiyo uliokaa miaka kwenye ua wa nyumba ya mawe, bila dawa na bila mbolea ya dukani, pana shina ambalo tayari limefaulu mtihani wetu. Kabla ya kuagiza Fortuniana, pamoja na vibali vya afya ya mimea na gharama zake, kitalu kimoja cha Mtwapa au Bububu kingeweza kukata vipande ishirini vya mwaridi huo wa bibi, kikaviotesha, kikavibebesha vikonyo vya waridi la milia, kisha kikavipanda kwenye mchanga ule ule sambamba na miche ishirini iliyoletwa kutoka bara. Lebo ya kila mche iandikwe mambo mawili, ua na shina. Masika mawili yakipita, ung'olewe mmoja mmoja kutoka kila mstari, mizizi isuuzwe kwenye ndoo mbili, na vinundu vihesabiwe.