Kwa Mtu wa Katonga, Dar es Salaam Ndiyo India

Mama anakata kidonge katikati kwa kisu kilekile anachopasulia migebuka. Nusu anameza, nusu anaifunga kwenye kipande cha nailoni kwa ajili ya kesho. Aliandikiwa kizima kila siku na daktari bingwa wa moyo jijini Dar es Salaam, akaambiwa arudi baada ya miezi mitatu. Huu ni mwezi wa tano. Hatujarudi. Ili apate cheti kipya cha dawa lazima aonane na bingwa kwanza, na bingwa yuko kule.

Kadi ya bima anayo. Kaka yangu ni mwalimu wa shule ya msingi. Kila mwezi asilimia 3 ya mshahara wake hukatwa kwenda Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, mwajiri naye huongeza asilimia 3, na Mama ameandikishwa kama mtegemezi wake. Kaka hajawahi kuchelewa kulipa hata mwezi mmoja, maana hela huondoka kabla hajaiona. Naanzia hapa makusudi, kwa sababu kila nikilisema jambo hili mjini, hatakosekana mtu wa kunijibu kwamba wananchi hawataki kukata bima. Sisi tumekata. Tumekatwa pia.

Mwaka jana Mama alianza kuvimba miguu. Kutoka mwaloni hadi nyumbani Katonga ni kimwinuko tu, lakini akawa anasimama mara tatu kuvuta pumzi, beseni la dagaa likiwa bado kichwani. Daktari mjini Kigoma alimsikiliza vizuri, akaandika rufaa: aonwe na bingwa wa moyo. Kwa kuwa mimi nasoma shahada ya uzamili Dar es Salaam, kazi ya kumtafuta huyo bingwa ikawa yangu.

Kliniki ya kwanza walinijibu dirishani, “Bima hiyo hatupokei siku hizi, dada.” Ya pili walipokea kadi kwa vipimo vya maabara, ila bingwa alipwe taslimu. Ya tatu bingwa alikuwa anakuja Alhamisi tu. Mwenye bima angojee wiki tatu, mwenye taslimu aje Alhamisi hiyohiyo. Ya nne, hospitali ya umma, walipokea kadi bila neno. Mama akapimwa eko na umeme wa moyo, bingwa akamweleza hali yake kwa upole, akimwita mama. Hatukutoa hata shilingi moja dirishani. Nilitoka pale nikiisifu bima.

Jioni nikapiga hesabu. Nauli ya mabasi ya Mama na ya mdogo wangu aliyemsindikiza, kwenda na kurudi. Chumba usiku tisa, kwa sababu mimi nakaa bweni. Chakula. Bajaji, maana hawezi kupanda daladala akasimama. Na biashara iliyolala siku zote hizo. Mtaji wake wa dagaa ulikwisha. Bima ililipa kila kitu isipokuwa kile kilichotufilisi.

Ndiyo maana nasema swali la “bima inapokelewa wapi?” limekaa vibaya. Tangu mfuko huu uanze kazi mwaka 2001, tumefundishwa kuihesabu bima kwa kadi. Machi 1, 2024, hospitali kadhaa kubwa za binafsi ziliposusa wanachama wa mfuko zikidai bei mpya za kitita hazilipi gharama, nchi nzima ilibishana juu ya bei. Mfuko una haki ya kukataa kulipa bei za kuruka, na hospitali zina haki ya kutopata hasara. Lakini katika mabishano yote yale sikusikia upande wowote ukimtaja mgonjwa ambaye kwake hospitali iliyosusa na iliyokubali ziko mbali sawasawa. Kutoka Kigoma hadi Dar es Salaam kwa reli ni kilomita 1,250 hivi. Umbali nao ni ada, na hakuna kitita kinachoutaja.

Wapo watakaosema nchi maskini haiwezi kuweka bingwa wa moyo kila mkoa. Najua. Najua pia tulikotoka. Kabla upasuaji wa moyo haujaanza Muhimbili mwaka 2008, wagonjwa walikuwa wakipelekwa India, na wasio na wa kuwapeleka walikufa. Mwaka 2015 tukapata Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, na leo watu wa nchi jirani wanakuja kutibiwa kwetu. Ni fahari ya kweli, na ninaiona. Ila safari ya India haikufutwa kwa kila mtu. Kwa mtu wa Katonga imefupishwa tu: zamani iliishia Mumbai, sasa inaishia Upanga. Tofauti ni kwamba aliyepelekwa India na serikali alilipiwa tiketi.

Mabingwa wa taasisi hiyo huja mikoani kwa kambi za tiba mkoba, na ninawashukuru. Lakini kambi hukutana na mgonjwa mara moja, na ugonjwa wa moyo unataka mtu yuleyule akuone tena na tena, apandishe dawa, aishushe, asikilize mapafu. Kambi ni mvua ya rasharasha. Sisi tunaomba kisima.

Simdai mtu upasuaji Katonga. Nadai mambo matatu yasiyohitaji jengo jipya. Kwanza, orodha ya wazi ya kila bingwa wa moyo anayepokea kadi ya serikali, na siku zake, ibandikwe hospitalini anakoandikiwa mtu rufaa, ili mgonjwa asibishe hodi milango minne. Pili, mgonjwa wa rufaa na msindikizaji wake walipiwe nauli. Tatu, marudio yafanyikie mkoani: eko ipigwe hapa, picha zitumwe, bingwa azisome akiwa alipo, daktari wa hapa aandike dawa. Mwaka 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. “Wote” ni neno zito. Kama litamaanisha wote wapate kadi, basi tutakuwa tumewagawia watu wa mwambao huu plastiki.

Nimerudi nyumbani kwa likizo. Wiki hii ni mbalamwezi, mitumbwi haiingii ziwani, na hela haipo. Jana usiku Mama alimwaga vidonge kitandani akavihesabu. Vimebaki kumi na kimoja. “Kwa nusu ni siku ishirini na mbili,” akaniambia, kama mtu anayenitoa hofu. Kadi yake iko kabatini. Haijaisha muda.