Likelemba ya blanketi: fulana kuukuu zisitupwe



Juma hili tunazungumzia kitu kilichojaa katika nyumba zetu lakini hakuna anayekihesabu kuwa mali: fulana kuukuu, au mipira kama tunavyosema nyumbani. Chungulieni ndani ya ule mfuko ulio chini ya kitanda. Mtakuta fulana za kampeni, ya 2006, ya 2011, ya 2018, ya 2023, kila moja na uso wa mgombea na namba yake. Mtakuta ya chanjo, ya kwaya, ya timu ya vijana, na zile za balo zenye maandishi ya lugha tusiyoijua. Shingo imelegea, kwapa limetoboka, lakini kifua na mgongo bado ni kitambaa kizima. Wengi wetu tunazifanya matambara ya kushikia sufuria.

Na huku watoto wanalala kwa baridi. Ziwa Tanganyika liko karibu mita 770 juu ya bahari, na ndiyo maana aliye Uvira anatafuta upepo usiku. Sisi huku juu tumepita mita 2000. Kiangazi kikifika, mbingu ikiwa wazi na nyota zimejaa, baridi ya alfajiri inaingia mpaka kwenye mifupa. Sisi tunaofundisha tunawatambua watoto waliolala vibaya. Somo la kwanza ni hesabu, na kabla ubao haujajaa mtoto ameshaweka kichwa juu ya daftari. Si mvivu, wala si mjinga. Walikuwa wanne chini ya blanketi moja, na yeye alikuwa wa pembeni.

Blanketi jipya lina bei, na bei hiyo inashindana na chumvi, sabuni na daftari. Lakini blanketi la viraka linaweza kutoka ndani ya ule mfuko.

Kazi hii ina wenyewe, na ni watu wenye asili ya Afrika kama sisi. Huko India, katika jimbo la Karnataka, wanaishi Wasidi. Mababu zao walivushwa bahari kutoka upande huu wa Afrika, wengi wao wakiwa watumwa. Wanawake wao wanashona mablanketi ya viraka yanayoitwa kawandi, kwa nguo kuukuu, sindano na uzi, bila mashini. Wanaanza kwenye ukingo na kuzunguka wakielekea katikati. Huko Marekani nako, katika kijiji cha Gee's Bend jimboni Alabama, wanawake wa ukoo wa watumwa walishona nguo zilizochakaa kwa kazi ya shamba ili watoto wasilale kwa baridi. Mmoja wao, Missouri Pettway, alifiwa na mumewe, na mwaka 1942 akashona blanketi kwa nguo zake za kazi. Mwaka 2002 mablanketi ya kijiji hicho yalitundikwa katika jumba la makumbusho la Houston, watu wakaja kuyatazama. Yalikuwa yametoka katika nguo ambazo mwingine angezitupa.

Tuje kwenye kazi yenyewe. Tuchukue blanketi la mtoto, upana sentimita 100, urefu sentimita 150.

Vinavyohitajika. Fulana 12 za watu wazima: kila moja inatoa viraka viwili, kimoja cha kifuani na kimoja cha mgongoni, jumla 24. Kikwembe kimoja kuukuu cha yadi mbili kwa upande wa chini. Kitu cha kutia katikati: blanketi lililochakaa, masweta yaliyofumuliwa mishono, au tabaka jingine la fulana. Makasi makali, sindano, uzi imara, rula ya sentimita 30, na kipande cha katoni.

Kufua. Kila nguo ifuliwe kwa maji ya moto na sabuni, kisha ianikwe juani mpaka ikauke kabisa. Tusishonee chawa na upele ndani ya blanketi la mtoto.

Kukata. Tukate katoni ya mraba, sentimita 27 kila upande, iwe kipimo chetu. Tunaiweka juu ya fulana, tunachora kwa chaki, tunakata. Kitambaa cha fulana kinavutika zaidi kwa upana kuliko kwa urefu, kwa hiyo viraka vyote vilale upande mmoja, juu ibaki juu. Kimoja kikilala kwa upana, blanketi litajikunja baada ya kufuliwa mara ya kwanza. Ukingo wa fulana haufumuki nyuzi kama wa kikwembe, ila unajiviringisha, basi upigwe pasi kwanza. Penye maandishi ya rangi nzito pasi ipite upande wa nyuma, la sivyo rangi itayeyuka na kunata.

Kupanga. Kikwembe kikatwe sentimita 102 kwa 152, kingo zake zikunjwe sentimita 1 kuelekea ndani. Juu yake tunalaza kile cha katikati, kiwe kidogo kuliko kikwembe ili kisichungulie nje. Halafu tunaanza kwenye pembe, kama Wasidi. Kanuni ni moja: upande wa kiraka unaogusa ukingo, au unaogusa kiraka kilichokwisha kuwekwa, tunaukunja sentimita 1, upande ulio wazi tunauacha, kiraka kinachofuata kitakuja kuufunika. Kwa njia hiyo kila kiraka kitaonekana sentimita 25. Vinne kwa upana ni 100, sita kwa urefu ni 150. Watoto wa darasa la nne wapewe hesabu hiyo waifanye wenyewe. Tukimaliza kupanga, tunashikiza yote kwa mishono mikubwa ili yasihame.

Kushona. Sindano ipite juu na chini, ikipenya matabaka yote matatu, kuanzia ukingoni na kuzunguka mpaka katikati. Mstari na mstari viachane vidole viwili, yaani kama sentimita 3. Hapa tusifanye haraka. Fulana ikishonwa peke yake inavutika na kulegea. Kikwembe hakivutiki, na ile mishono ya karibu karibu ndiyo inayoifunga fulana kwenye kikwembe. Mishono ikiwa mbalimbali, kile cha katikati kitakusanyika kwenye pembe moja, na mtoto atabaki amejifunika kikwembe kitupu.

Mambo matatu ya kuangalia. Kwanza, kitambaa chochote cha rangi ya kijeshi au chenye alama ya kikundi cha silaha kisiingie. Blanketi linaanikwa nje na linabebwa njiani, na kiraka kimoja kinaweza kumletea mama maswali mabaya. Nyuso za wagombea hazina shida: mwenye kuchoka nazo azigeuze zitazame chini, zitatoa joto vilevile. Pili, nguo ya marehemu isikatwe kabla ya kuuliza wakubwa wa nyumba. Kuna familia zitakazofarijika kama yule mjane wa Alabama, na kuna nyingine ambazo desturi yao haikubali. Tatu, blanketi hili ni zito, si la mtoto mchanga. Yeye alale kifuani mwa mama, ngozi kwa ngozi, na uso wake usifunikwe.

Sasa tuje kwenye jambo tulilotaka kulisema hasa. Vidole viwili kati ya mstari na mstari, juu ya blanketi la urefu wa sentimita 150, ni kama mistari 50 ya mita moja moja. Hiyo ni mita 50 za mshono wa mkono. Mama aliyetoka shambani, akapika, akaosha watoto, akakaa mbele ya taa akiwa peke yake, atashona mita moja na usingizi utamchukua. Blanketi litakaa miezi ndani ya mfuko mwingine chini ya kitanda kilekile. Lakini mama kumi wakikaa kulizunguka, kila mmoja ana mita 5 tu, na kazi inaisha kwa mchana mmoja. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Kwa hiyo tunapendekeza likelemba. Tunaijua ya pesa. Hii iwe ya mshono. Mama kumi, majuma kumi, kila juma blanketi moja, mpaka kila nyumba imepata. Viraka vikatwe nyumbani, na siku ya mkutano iwe ya kupanga na kushona. Tukianza mwanzoni mwa mwezi wa nne, la kumi litakwisha katika mwezi wa sita, baridi ya kiangazi ikianza kuuma.

Likelemba ya pesa huwa na kura, au huanza na wakubwa wa kikundi. Hii isipigiwe kura. Anayepata wa mwisho atangoja majuma tisa, na majuma tisa si kitu kwa nyumba yenye mablanketi matatu, bali ni mengi kwa nyumba isiyo na hata moja. Tuulizane kwa ukweli nani ana watoto wanaolala kwa baridi, naye awe wa kwanza. Mwenyekiti akiwa na blanketi, awe wa kumi.

Tena tusiseme, "Kila mama aje na fulana zake 12, asiye nazo asiingie." Tangu vita vya 2018 tunaishi na wamama waliokimbia na nguo waliyovaa tu. Mama wa namna hiyo hana mfuko chini ya kitanda, na pengine hana kitanda. Tukiweka sharti la fulana, tutakuwa tumemfungia nje yule yule ambaye kazi hii inamfaa kuliko wote. Fulana zote ziwekwe mahali pamoja, wenye nyingi walete nyingi, na yeye alete mkono wake. Mita zake 5 ni sawa na mita 5 za mwingine. Wala asiulizwe kama nyumbani anasema Kifuliru, Kinyindu, Kivira au Kinyamulenge. Watoto wetu wanakaa kwenye benchi moja darasani, na asubuhi yule aliyelala vizuri na yule aliyetetemeka tunawasomesha somo moja.

Basi, mkutano ujao kila mwenye fulana alete alizo nazo, zikiwa zimefuliwa. Asiye nazo aje na sindano. Asiye na sindano aje. Katoni ya kipimo na rula tutaleta sisi, na tutaandika majina ya nyumba kumi za kwanza, tukianza na ile yenye baridi kuliko zote.

Mbaki salama mpaka juma lijalo.