Ufunguo wa Daftari la Majina Uwe kwa Nani?

Wananchi wa Newala hawahitaji kufundishwa maana ya kutegemea chombo kilicho mbali. Mji wao umekaa juu ya uwanda wa Makonde, na maji yao husukumwa kwa pampu kutoka visima vya Mitema vilivyo chini bondeni. Pampu ikisimama, ndoo hupanda bei siku ile ile. Ndugu zetu wa Unguja nao walionja shida ya namna hiyo Desemba 2009, ulipoharibika mfumo wa kuleta umeme kwa waya wa chini ya bahari, na kisiwa kikakaa gizani hadi Machi 2010.

Leo tunataka kusema juu ya pampu nyingine, isiyoonekana kwa macho. Halmashauri ya Wilaya ya Newala ina jina lake katika intaneti, newaladc.go.tz, na Halmashauri ya Mji ina lake, newalatc.go.tz. Tovuti za mikoa na halmashauri zilizinduliwa mwaka 2017 kwa mfumo wa aina moja uliosimamiwa na Wakala wa Serikali Mtandao, ambao sasa ni Mamlaka. Lakini kompyuta haijui Newala wala Masasi. Yenyewe inajua tarakimu tu. Mtu anapoandika jina, lazima pawe na daftari mahali fulani la kueleza kwamba jina hili ni la tarakimu zile. Daftari likifungwa, tovuti inaweza kuwa nzima kabisa na bado asiione mtu yeyote.

Je, daftari letu linaandikwa kwa kalamu ya nani? Kikoa cha .tz kilisajiliwa mwaka 1995, na kwa miaka mingi kilitunzwa na watu wachache wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakisaidiwa na rafiki zao wa Marekani. Kituo cha tzNIC kiliundwa mwaka 2006 kwa ushirikiano wa Mamlaka ya Mawasiliano na chama cha watoa huduma za intaneti, na mwaka 2010 kikakabidhiwa rasmi amana hiyo. Kwa kazi ya kusajili majina, kituo hakikununua mfumo wa kampuni kubwa. Kilichagua FRED, programu huria iliyotungwa na wenzao wa Jamhuri ya Cheki kwa ajili ya kikoa chao wenyewe, wakaitoa ili kila taifa liitumie bila ada ya leseni. Angola na Costa Rica nazo ziliichukua. Hapa pana jambo la kujivunia: wataalamu wetu walipata mfumo ambao wanaweza kuufungua, kuusoma mstari kwa mstari, na kuurekebisha bila kuomba ruhusa ng'ambo.

Wanaouza huduma ya kuhifadhi tovuti walipata funzo hilo kwa njia ya uchungu. Mwaka 2019 kampuni ya cPanel, ambayo programu yake imeenea mno katika kazi hiyo, ilibadili bei zake na kuanza kutoza kwa hesabu ya akaunti. Mwenye wateja wengi alijikuta anadaiwa maradufu kwa kazi ile ile. Wengi ulimwenguni wakageukia programu huria kama Virtualmin na ISPConfig.

Hata hivyo, tusidanganyane. Kuna maofisa wanaodhani kwamba kitu kisicho na leseni ya kulipia hakina gharama. Oktoba 2024 ilibainika kasoro katika CyberPanel, programu nyingine huria ya kusimamia tovuti, na seva zaidi ya 20,000 duniani zilikuwa wazi kwa wahalifu. Waliokuwa na fundi wa kuziba ufa mapema walisalimika. Wengine waliamka na kukuta majalada yao yamefungwa kwa siri wasiyoijua.

Tena kazi yenyewe haitaki papara. Katika BIND, programu huria kongwe iliyozaliwa Berkeley miaka ya 1980, nukta moja ikisahauliwa mwishoni mwa jina, jina lote huharibika. Mtu akirekebisha jalada bila kuongeza namba ya toleo, seva ya pili huendelea kujibu kwa habari za zamani, na huenda kosa lisigunduliwe kwa siku kadhaa. Nukta hiyo haina tofauti na ile ya herufi za Kiarabu: ukiidondosha, ba si ba tena.

Suala hili linamgusa mkulima. Tangu msimu wa 2024/2025 minada ya korosho za Newala na Tandahimba huendeshwa kwa mfumo wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa Tanzania. Linawagusa pia visiwani: Mei 2024, zilipokatika nyaya za baharini za EASSy na SEACOM, intaneti ilizorota nchi nzima. Siku kama ile, mwenye nyumba ya wageni Paje aliyehifadhi tovuti yake Ulaya hafikiki hata na mteja aliye Mjini Unguja, ingawa Dar es Salaam pana kituo cha kubadilishana mawasiliano ya ndani tangu mwaka 2004.

Tunapendekeza kwa Mamlaka ya Serikali Mtandao, na kwa wenzao wa Zanzibar, kwamba seva za majina za serikali zisikae mji mmoja. Mojawapo iwe Unguja au Pemba, nyingine kusini. Fedha ambazo programu huria inaokoa zisirudishwe kapuni, bali zisomeshe vijana wawili katika kila halmashauri, si mmoja, kwa sababu mmoja huhamishwa akaondoka na nywila kichwani. Na kabla ya bajeti ijayo kupitishwa, kila Mkurugenzi, wa Newala, wa Masasi, wa Wete na wa Mkoani, aandike katika karatasi moja: jina la halmashauri yangu limesajiliwa na nani, linakwisha muda lini, na funguo zake ziko mikononi mwa watumishi gani.