Methadoni Mombasa: Dawa ni ya bure, safari ni ya kila siku

MGONJWA anayekatiza tiba huambiwa hana nia. Kwa waraibu wa heroini wa Mji wa Kale, Mombasa, lawama hiyo ni nyepesi mno.

Kenya ilianza kutoa methadoni katika Hospitali ya Mathari, Nairobi, Desemba 2014. Malindi ilifuata mwaka 2015, na mwaka 2017 ikafunguliwa kliniki ya Kisauni, ng’ambo ya daraja la Nyali kwa mtu wa kisiwani. Dawa hiyo hutolewa bila malipo. Mgonjwa huinywa mbele ya mhudumu mara moja kwa siku, na siku hiyo haina Jumapili wala Idi. Nguvu yake hudumu takriban siku nzima, ikizuia arosto, yale maumivu na kutapika kunakomrudisha teja maskani.

Mkazi wa Kibokoni anayeishi kwa kubeba mizigo Marikiti huamka akiwa na hesabu ya kufanya. Vibarua hupatikana alfajiri, ilhali kliniki ina saa zake, na matatu haikubali ahadi. Akifuata dawa, huenda akakosa mkate wa siku. Akifuata kibarua, kesho mwili utamdai, na kete ya unga iko karibu kuliko Kisauni. Uamuzi wake waweza kuwa mbaya, lakini si wa mtu asiyefikiri.

Kosa hilo nalo huzaa jingine. Aliyekosa dawa siku kadhaa mfululizo hapewi tena kipimo chake cha awali, kwa kuwa mwili umeanza kuisahau na kipimo kile kinaweza kumuua. Huanzishwa upya kwa kiasi kidogo, kisichomtuliza sawasawa. Tahadhari hiyo ni ya lazima, ila kwa mhusika yafanana na adhabu, na baadhi huona heri wasirudi.

Ramadhani huongeza uzito. Dini imemruhusu mgonjwa kula na kulipa baadaye, lakini jicho la mtaa halitoi ruhusa hiyo kwa wepesi, hasa kwa kijana anayejaribu kurejeshewa heshima msikitini.

Je, kusimamiwa kila siku kunasaidia? Mombasa yenyewe ina ushahidi, ingawa ni wa dawa za Ukimwi. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2008, watu wazima 234 walifuatiliwa, baadhi yao wakimeza dawa mbele ya muuguzi mara mbili kwa wiki kwa wiki 24. Katika muda huo walizingatia dawa vizuri kuliko wenzao, na waliofaidika zaidi ni wenye sonona. Usimamizi ulipokoma, tofauti ilitoweka.

Matokeo hayo yaashiria kuwa jicho la muuguzi lina faida kubwa kwa aliyelemewa. Hayaoneshi kuwa aliyetulia miaka miwili ana haja ya kuvuka daraja kila asubuhi. Marekani, ambayo kwa miongo mingi ilikuwa kali katika jambo hili, iliruhusu mwaka 2020 wagonjwa waliotulia wapewe dawa ya hadi siku 28 nyumbani, na mwaka 2024 ikaufanya utaratibu huo kuwa wa kudumu.

Hata hivyo, methadoni si kidonge cha kawaida. Kipimo cha mtu aliyeizoea chaweza kumuua mtoto, na nyumba nyingi za Mji wa Kale hukaliwa na familia kadhaa chini ya paa moja. Chupa yaweza pia kuuzwa. Kwa hiyo dawa ya nyumbani yadai kasha lenye kufuli na mtu wa kufuatilia.

Mtu huyo hulipwa mshahara. Huduma za aina hii nchini zilitegemea mno fedha za Marekani kupitia PEPFAR, na Januari 2025 Washington ilipositisha misaada ya nje, wa kwanza kuyumba walikuwa wahudumu wa mitaani, wale wanaobisha hodi Kibokoni kuuliza kwa nini fulani hakuonekana jana.